Miaka Minane ya Springfield: Rekodi ya Obama Akiwa Seneta wa Jimbo

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mnaojiandaa kuwania viti vya wadi, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia uongozi. Nimeona afadhali nisiuzungumzie kwa ujumla. Nitawasimulia rekodi ya mtu mmoja katika kiti kimoja: kiti cha eneo la 13 katika Seneti ya jimbo la Illinois, tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004.

Mtu huyo mnamfahamu. Ni Barack Obama. Huku kwetu Kenya habari zake husimuliwa kwa kuruka. Baba yake alitoka Kogelo, Siaya. Halafu ghafla yeye ni rais wa Marekani. Katikati hapo pana miaka karibu minane ambayo haitajwi barazani wala redioni, na kwangu mimi hiyo ndiyo yenye manufaa makubwa kwenu. Kazi aliyoifanya wakati huo inakaribiana sana na kazi mnayoitafuta. Alikuwa mtunga sheria wa ngazi iliyo chini ya taifa, mbali na kamera, akishughulikia zahanati, shule, polisi na kodi, mbele ya wapiga kura wanaojua anapoishi.

Bunge la Illinois linakutana Springfield, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 320 kusini-magharibi mwa Chicago. Seneti ina viti 59, na baraza la wawakilishi lina viti 118. Abraham Lincoln naye alikuwa mwakilishi katika bunge hilo la jimbo, vipindi vinne kuanzia 1834. Maseneta wa Chicago husafiri kwenda huko vikao vinapoanza, hulala hotelini siku za katikati ya wiki, kisha hurudi nyumbani. Wengi huwa na kazi nyingine ya kujikimu. Obama alikuwa wakili, na alifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Sasa tuone alivyokipata kiti. Naomba tukae hapa kidogo, kwa maana hapa pana mambo ambayo yatawakuta na ninyi.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamke aliyeheshimika sana upande wa kusini wa Chicago. Mwaka 1995 Mel Reynolds, aliyewakilisha sehemu hiyo katika bunge la taifa huko Washington, alitiwa hatiani na mahakama na akalazimika kuachia kiti. Palmer akaamua kukiwania, akamuunga mkono Obama amrithi Springfield. Obama alikuwa na miaka 34. Miaka ya themanini alikuwa amefanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa maskini ya kusini wadai haki zao. Mwaka 1992 aliongoza kampeni iliyoandikisha wapiga kura wapya wapatao 150,000 katika jimbo. Septemba 1995 akatangaza rasmi kwamba anawania.

Novemba 28 mwaka huo mchujo wa kiti cha Washington ukafanyika. Palmer akawa wa tatu, nyuma sana ya Jesse Jackson Jr. aliyeshinda. Wa pili alikuwa Emil Jones, na jina hilo litarudi baadaye. Palmer alipoona ameshindwa, alitaka kubaki na kiti chake cha zamani. Watu wazima katika siasa za Chicago walimwomba Obama ampishe mama. Akakataa. Alisema ameshatangaza, ameshachangisha fedha, na watu wameshajitolea kwa ajili yake.

Ili jina la mtu liingie kwenye karatasi ya kura, sheria ilidai saini 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Palmer alizikusanya haraka haraka, akapeleka zaidi ya 1,500. Mara tu baada ya mwaka mpya wa 1996, watu wa Obama walikwenda ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago, wakaketi na zile fomu, wakazipitia saini moja baada ya nyingine. Huyu hajaandikishwa katika anwani aliyoiandika. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia saini. Aliyekusanya ukurasa huu hana sifa za kukusanya. Saini zikapungua, zikapungua, hadi Palmer akajiondoa. Wagombea wengine watatu nao wakaondolewa kwa njia hiyo hiyo, na mmoja wao alipungukiwa saini 69 tu. Machi 1996 wanachama wa Democratic, chama cha Obama, wa eneo la 13 walipokwenda kupiga kura ya mchujo, walikuta jina moja. Novemba Obama akapata asilimia 82 dhidi ya wapinzani wawili wasio na nguvu.

Ndugu zangu, sehemu hii hunisumbua kila ninapoisoma. Sheria ilifuatwa. Saini mbovu ni saini mbovu, na kama saini haikaguliwi basi haina maana ya kudaiwa. Obama mwenyewe alilitetea jambo hilo kwa hoja ya namna hiyo. Lakini mtu aliyekuwa ameandikisha watu 150,000 ili wapate kuchagua alianza safari yake kwa kuwapunguzia watu wake wa kuchagua. Yote mawili ni kweli, na mtu akiniambia moja tu kati ya hayo huwa namjazia la pili.

Kwenu hapa jambo hili si la mbali. Ibara ya 193 ya Katiba yetu inamtaka mgombea huru wa bunge la kaunti aungwe mkono na wapiga kura walioandikishwa wasiopungua 500 katika wadi husika. Palmer alipeleka mara mbili ya idadi iliyotakiwa, na haikumtosha. Kaeni na daftari la wapiga kura mkihakikisha kila jina kabla hamjaipeleka fomu, wala msimwachie kazi hiyo kijana aliyelipwa kwa idadi ya kurasa.

Alipoapishwa Januari 1997, Obama aliingia upande wa wachache. Chama cha Republican ndicho kilichoshika Seneti, na rais wa Seneti, Pate Philip, hakuwa na sababu ya kuipa nafasi miswada ya Democratic. Mswada wa mtu wa upande wa wachache ulikuwa ukitumwa kamati ya kanuni na kukaa humo mpaka kikao kiishe. Hali hiyo ilidumu miaka sita. Watu wengi wangekata tamaa, au wangegeuka wapiga kelele. Obama alitafuta wa kufanya nao kazi upande wa pili. Mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa walioujadili na kuusukuma mswada wa kuzuia zawadi kwa wabunge, pamoja na Kirk Dillard wa Republican. Sheria hiyo ilipiga marufuku zawadi nyingi kutoka kwa watu wanaotafuta upendeleo bungeni, na ikazuia wanasiasa kutumia fedha za kampeni kwa mahitaji yao ya binafsi. Illinois ilikuwa imekaa takriban robo karne bila sheria ya maadili ya uzito huo. Wenzake wengine hawakumpenda kwa hilo, maana aliwagusa mifukoni.

Mwaka huo huo wa 1998 alitetea kiti chake na kupata asilimia 89 dhidi ya Yesse Yehudah wa Republican.

Kuna jambo moja la rekodi yake ya kura ambalo liliwahi kuzua mabishano makali, nami nitalieleza kwa sababu mabunge yetu ya kaunti nayo yana namna zake za kukwepa. Katika Seneti ya Illinois seneta ana vitufe vitatu mezani: kijani kwa ndiyo, chekundu kwa hapana, na cha manjano cha kusema tu kwamba yupo. Mswada wa kawaida unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59. Kwa hiyo kitufe cha manjano hakiusaidii mswada hata kidogo. Matokeo yake ni sawa na hapana, ila jina lako halionekani kwenye safu ya waliopinga. Katika kura zipatazo 4,000 alizopiga, Obama alibonyeza manjano mara 130 hivi. Mara nyingi ulikuwa mpango wa chama kizima, au njia ya kuonyesha kwamba nia ya mswada ni njema lakini umeandikwa vibaya. Ila mwaka 1999 ulikuja mswada wa kuwashtaki kama watu wazima vijana waliofyatua bunduki karibu na shule. Weusi wa Chicago waliona watoto wao ndio watakaojaza magereza, na wakati huo huo seneta anayeupinga angeitwa mtetezi wa wahalifu. Obama alibonyeza manjano. Nadhani hapo alipaswa kusimama upande mmoja. Kura 130 katika 4,000 ni chache, lakini mpiga kura wa mtaani hakutuma mtu Springfield akaseme yupo.

Sasa tufike mwaka 2000, mwaka alioanguka.

Bobby Rush alikuwa mbunge wa Washington wa upande wa kusini tangu 1993. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama kilichopigania haki za Weusi, na watu wazima walimkumbuka kwa mapambano ya miaka ya sitini. Mapema 1999 Rush aliwania umeya wa Chicago akashindwa vibaya na Richard M. Daley. Obama akahesabu: huyu mzee amedhoofika. Akaingia kumpinga katika mchujo.

Hesabu ilikuwa na kasoro. Waliomkataa Rush kwa umeya walikuwa wamemkataa kwa umeya tu; kwao Washington bado alikuwa mtu wao. Kisha Oktoba 1999 mwana wa Rush alipigwa risasi akafa. Eneo zima lilimlilia pamoja na baba yake. Nani angesimama jukwaani kumshambulia mzee aliyetoka kuzika mtoto?

Desemba mwaka huo, gavana George Ryan aliita bunge Springfield kuupigia kura mswada wa kudhibiti bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia yake kwa mapumziko, na binti yake mdogo alikuwa mgonjwa. Hakurudi. Mswada ukaanguka kwa kura chache. Mitaani watu walikuwa wanazika vijana kwa ajili ya bunduki, na seneta wao alikuwa ufukweni mwa bahari. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hakuna maelezo juu ya homa ya mtoto yaliyoweza kulifuta. Machi 21, 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30, na waliobaki wakagawana kilichobaki. Rais Bill Clinton naye alikuwa amemuunga mkono Rush. Mpaka leo Rush ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Obama katika uchaguzi.

Wapinzani wake walikuwa wakisema si mtu wa kwao: amesoma Harvard, amekulia Hawaii, anaongea kama mhadhiri. Maneno hayo yalimuuma, na yalikuwa na chembe ya ukweli. Alikuwa anawaeleza watu matatizo yao wenyewe. Agosti mwaka huo, akiwa na madeni, alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na hakupata pasi ya kukaa ukumbini na wajumbe. Akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Fikirieni kwamba baada ya miaka minne tu mkutano mkuu wa chama hicho hicho ulimsimamisha yeye kutoa hotuba kuu, huko Boston.

Lililobadilika katikati ni mipaka, pamoja na hesabu ya viti bungeni. Hotuba zina sehemu yake, lakini hazikuwa za kwanza. Naomba mlisikilize hili kwa makini.

Baada ya sensa ya 2000 ilibidi maeneo ya uwakilishi yachorwe upya. Katiba ya Illinois ya 1970 inasema vyama vikishindwa kuelewana, tume yenye wajumbe sawa wa pande mbili inaundwa, na tume nayo ikishindwa, jina la mjumbe wa mwisho linachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Septemba 2001 Jesse White, katibu wa jimbo, alichomoa jina, likawa la Democratic. Kwa karatasi hiyo moja, chama kilichokuwa kimekaa miaka nje kilipata kalamu ya kuchora ramani ya jimbo zima.

Obama alishiriki kuchora eneo lake. Lile la zamani lilikuwa limekwenda magharibi, mitaa ya watu weusi maskini. Jipya lilibaki na mtaa wake wa Hyde Park, likapanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan mpaka katikati ya jiji na majumba ya matajiri. Bado lilikuwa na watu weusi wengi, lakini sasa lilikuwa na wafadhili, wachapishaji, mawakili wakubwa, watu ambao neno lao hufika mbali. Novemba 2002 hakuna aliyempinga, si kwenye mchujo wala kwenye uchaguzi wenyewe. Na ramani hiyo ikawapa Democratic wingi wa Seneti kwa mara ya kwanza tangu Obama aingie. Sisi hapa tuna Ibara ya 89, inayotaka mipaka ya maeneo ya uwakilishi ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Zoezi hilo likifika wadi yenu, msikae nyumbani. Nendeni mkasikilizwe.

Januari 2003 Emil Jones akawa rais wa Seneti. Ndiye yule aliyeshindwa pamoja na Palmer mwaka 1995. Jones mwenyewe amesimulia kwamba Obama alimjia akamwambia: sasa una uwezo wa kumtengeneza seneta wa taifa. Jones akamuuliza ni nani huyo. Obama akajibu ni yeye. Tangu hapo Jones alimkabidhi miswada mizito, na baadhi ya wenzake walinung'unika kwamba mambo waliyoyahangaikia miaka mingi yalipewa mtu mwingine ayamalizie. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini katika ile miswada mmoja ulikuwa mgumu kwelikweli, na huo Obama aliumaliza kwa kazi yake mwenyewe. Ndio ninaouheshimu kuliko yote aliyoyafanya Springfield.

Illinois ilirudisha hukumu ya kifo mwaka 1977. Kufikia Januari 2000 jimbo lilikuwa limewaua wafungwa 12, na katika muda huo huo wafungwa 13 waliokuwa wakingoja kuuawa waligundulika kwamba walihukumiwa isivyo haki, wakaachiliwa. Kumi na watatu dhidi ya kumi na wawili! Gavana Ryan, Mrepublican aliyekuwa akiunga mkono adhabu hiyo, akasimamisha utekelezaji wote. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, aliwaondolea adhabu ya kifo wafungwa wote waliokuwa wakiingoja, zaidi ya 160. Kesi kadhaa kati ya hizo zilikuwa zimejengwa juu ya mtu kukiri kosa polisi. Na upande wa kusini wa Chicago kila mtu alijua habari za kamanda Jon Burge, ambaye yeye na askari wake waliwatesa wanaume weusi miaka ya sabini na themanini mpaka wakakiri.

Obama alisimamia mswada wa kutaka mahojiano ya washukiwa wa mauaji katika kituo cha polisi yarekodiwe kwa sauti au picha. Polisi walikataa. Waendesha mashtaka walikataa. Gavana mpya, Rod Blagojevich, hakuutaka mwanzoni. Wapinzani wa hukumu ya kifo nao walikuwa na shaka kwamba mswada huo ungeipaka rangi adhabu wanayotaka ifutwe. Obama aliketi nao wote, mara kwa mara. Kwa polisi hoja yake ilikuwa hii: kanda ile ile inayomlinda asiye na hatia humnasa mwenye hatia, na inamlinda askari anayesingiziwa. Alikubali vifungu vya dharura pale ambapo kurekodi hakuwezekani. Alikubali vituo vipewe miaka miwili vijiandae. Kiini hakukigusa: maneno yaliyotolewa bila kurekodiwa yatahesabiwa kuwa hayafai mahakamani, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo.

Mswada ulipita Seneti bila kura hata moja ya kuupinga. Julai 2003 gavana aliyekuwa akiukataa aliutia saini. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Alaska na Minnesota walikuwa wamelipata kwa amri za mahakama. Mwaka huo huo ilipita pia sheria yake ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani, ili ijulikane ni nani anayesimamishwa na mara ngapi.

Ya 2004 mnayajua, nitayapitia upesi. Kiti cha Illinois katika Seneti ya taifa kilibaki wazi. Machi 16 wagombea saba walikuwa kwenye mchujo wa Democratic, mmoja wao, Blair Hull, akiwa ametumia takriban dola milioni 29 za mfukoni mwake. Obama alipata asilimia 53. Dan Hynes aliyemfuata alipata 24, na Hull chini ya 11. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, alijiondoa baada ya mahakama kufungua nyaraka za talaka yake, na chama chake kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland. Novemba 2 Obama akashinda kwa asilimia 70 kwa 27.

Siku chache baada ya ushindi huo alijiuzulu kiti cha eneo la 13. Aliyeteuliwa kumrithi ni Kwame Raoul, wakili, mtoto wa wazazi waliohamia Chicago kutoka Haiti, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Kwa miaka kadhaa baada ya ile sheria ya kurekodi, hukumu ya kifo ilibaki vitabuni, ikiwa imesimamishwa lakini haijafutwa. Raoul ndiye aliyeusimamia katika Seneti mswada wa kuifuta, akiwa amekalia kiti hicho hicho cha 13. Gavana Pat Quinn aliutia saini Machi 9, 2011.

Sasa niko tayari kwa maswali yenu.